Maswali Yaliyoulizwa West Nile: Utafiti wa Kaya na Mipango ya Utalii Arua na Koboko

Zinapotajwa hazina za utalii za Uganda, msomaji huletewa gorila wa Bwindi, maporomoko ya Murchison na vilele vya Rwenzori. Ni nadra kalamu kuvuka daraja la Pakwach. Ng'ambo ya mto huo iko nchi ya West Nile, na ndani yake miji ya Arua na Koboko, ambayo wapangaji wengi wameipita kama mtu apitaye nyumba asiyomjua mwenyewe. Sasa mambo yameanza kugeuka. Mpango wa nne wa maendeleo ya taifa, wa 2025/26 hadi 2029/30, umeutia utalii miongoni mwa nguzo zake kuu nne, na kila wilaya hutakiwa kuandika mpango wake unaoafikiana na ule wa taifa. Mpango hauandikwi bila takwimu, na takwimu za watu hazipatikani bila ya kuwaendea watu na kuwauliza. Basi wataalamu watakwenda Arua na Koboko na karatasi zao, au siku hizi na simu zao, wapige hodi. Katika makala haya nataka kueleza kwamba hao hawatakuwa wa kwanza, na kwamba waliowatangulia wameacha kumbukumbu ambayo mhojaji wa leo ataikuta imekwisha kuketi barazani kabla yeye hajakaribishwa.

Neno lenyewe lina fundisho kwetu walimu wa lugha. Leo twasema mtafiti kwa heshima, na kijana wa chuo hujivunia kuitwa hivyo. Lakini kitenzi kutafiti, chenye asili ya Kiarabu, katika kamusi za zamani kilibeba, pamoja na maana ya kuchunguza, maana nyingine isiyopendeza: kupeleleza, kujitia katika mambo ya watu. Mtafiti alikuwa jirani wa mdukuzi. Kutalii nako, ambako pia kumetoka Uarabuni, kulikuwa ni kusoma na kukagua kabla hakujawa kutembea kwa starehe. Kwa hiyo mtafiti na mtalii ni ndugu wa ukoo mmoja, maana wote wawili ni watu waliokuja kutazama ya wenzao. Mzee wa West Nile asiyejua kamusi yoyote anaufahamu undugu huo vizuri.

Nchi hiyo ilikuwa sehemu ya Lado, ambayo Waingereza walimkodisha Mfalme Leopold II wa Ubelgiji mwaka 1894, kwa muda wa uhai wake. Mfalme alifariki Desemba 1909; Lado ikaingia katika utawala wa Sudan mwaka 1910, na sehemu yake ya kusini ikahamishiwa Uganda mwaka 1914. Katika pengo lile, baina ya mtawala aliyeondoka na mtawala asiyefika, wawindaji wa pembe za ndovu walimiminika kutoka pande zote. Mgeni mashuhuri zaidi wa siku hizo, hata hivyo, hakuwa jangili. Theodore Roosevelt, aliyetoka katika urais wa Marekani mwaka 1909, alifika ukingo wa magharibi wa Nile Januari 1910 pamoja na mwanawe Kermit, katika safari iliyofanywa kwa ajili ya Smithsonian Institution ya Washington. Walimtaka kifaru mweupe wa kaskazini; wakaua tisa. Jina la Rhino Camp limebaki kuwa ukumbusho wa zama hizo. Wanyama wale walipimwa na kuandikwa kwa uangalifu mkubwa. Ukitaka kujua utalii wa West Nile ulianza lini kuwekwa katika vitabu, basi ulianza hapo, kwa kuhesabu viumbe wasioweza kujibu.

Mwisho wa kifaru huyo wajulikana. Katika miaka ya 1960 baadhi yao walihamishiwa Hifadhi ya Murchison ili wasalimike, na hifadhi ya Ajai, kando ya Nile, ikakusudiwa kuwalinda waliobaki. Vita na ujangili vikawamaliza. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 hapakuwa tena na kifaru mweupe wa porini Uganda. Dume wa mwisho duniani wa jamii hiyo ya kaskazini, aliyepewa jina la Sudan, alikufa Ol Pejeta, Kenya, Machi 2018. Mjini Arua palikuwa na hoteli ya Serikali iliyoitwa White Rhino, nayo iliishi kuliko mnyama aliyeipa jina.

Sasa tuwarudie watu. Mwaka ule wa 1914 Bwana A. E. Weatherhead, mkuu wa wilaya wa kwanza, aliweka makao yake Arua. Wapo wasimulizi wasemao kwamba jina hilo latokana na neno la Kilugbara lenye maana ya gerezani, kwa kuwa jengo la wageni lililojulikana upesi zaidi lilikuwa la kufungia watu. Si kazi yangu hapa kuithibitisha asili hiyo. Yatosha kwamba watu wameona yafaa kuihifadhi. Maswali ya Serikali wakati ule yalikuwa mafupi: nyumba ngapi, wanaume wangapi, nani mkubwa wa hapa. Swali la mwisho ndilo lililokuwa gumu, maana Walugbara hawakuwa na wafalme wala machifu wa nchi nzima. Mamlaka yalikuwa mikononi mwa wazee wa koo, kila ukoo na wake. Aliyeuliza hakuweza kuamini kwamba jibu ni "hayupo", akamteua wa kumjibu. Wala majibu ya maswali mengine hayakulala kitabuni. Yalizaa kodi, na kodi ikazaa safari ndefu za vijana kwenda kukata miwa Kakira na Lugazi, au kujiandikisha jeshini. Kwa muda mrefu West Nile ilihesabiwa kuwa ghala la mikono ya kufanya kazi mahali pengine. Maji ya Yakan, ambayo mtabiri wa Kikakwa aitwaye Rembe aliyaeneza, yalinywewa na wengi waliotaka kinga dhidi ya balaa za zama hizo, na mwaka 1919 ghasia zilizohusishwa nayo zilimwaga damu. Mwalimu aliyepata kufundisha Maji Maji ya 1905 hadi 1907 hahitaji maelezo zaidi.

Baada ya vita vya pili vya dunia alikuja muulizaji wa namna nyingine. John Middleton, mtaalamu wa elimu ya jamii kutoka Uingereza, alianza kukaa na Walugbara mwaka 1949, akajifunza lugha yao, na kitabu chake juu ya dini yao kikatoka mwaka 1960. Yeye hakuhesabu vichwa kwa ajili ya kodi. Aliuliza nani ni wa nani, nani humtolea nani sadaka, na kwa nini. Kwa kalamu yake na ya wengine, ulimwengu wa nje ulisikia habari za mashujaa wawili, Jaki na Dribidu, ambao Walugbara huwahesabu kuwa mababu wa koo zao: Jaki ana makumbusho yake katika mlima Liru, upande wa Koboko kwa Wakakwa, na Dribidu katika mlima Eti, ambao ramani huuita Wati. Milima hiyo nitairudia, kwa kuwa ni ya kwanza kutajwa kila wapangaji wanapotafuta vya kuwaonyesha wageni.

Lakini utafiti ambao ningependa kila mpangaji wa utalii ausome kabla hajafunga mizigo yake haukuhusu utalii hata kidogo. Ulihusu ugonjwa, na kitovu chake kilikuwa hospitali ya misheni ya Kuluva, iliyo kilomita chache kutoka mjini Arua. Mwaka 1958 daktari mpasuaji wa Kampala, Denis Burkitt, aliandika habari za kansa iliyokuwa ikivimbisha mataya ya watoto. Hakuwa na fedha nyingi. Alichapisha karatasi zenye picha za wagonjwa, akawapelekea madaktari wa Serikali na wa misheni katika nchi nyingi za Afrika, akiwauliza: mmepata kuona ugonjwa huu? Kisha, mwaka 1961, yeye na Ted Williams wa Kuluva, pamoja na Cliff Nelson, walipanda gari kuukuu wakasafiri majuma 10 na maili zipatazo 10,000, wakipita hospitali baada ya hospitali na kurudia swali lile lile. Chombo chao kikubwa kilikuwa ni swali moja lililoulizwa kwa namna moja kila mahali.

Mwaka 1964 Epstein, Achong na Barr walitangaza kwamba wameona kirusi katika chembe za uvimbe huo. Ikabaki kujua kama kirusi ndicho kilicholeta kansa, ama kiliingia tu baada ya mlango kuvunjwa. Swali hilo haliwezi kujibiwa kwa kumpima mtoto aliyekwisha kuugua. Yahitajika damu yake ya siku alipokuwa mzima. Na kwa kuwa ugonjwa ni adimu, yahitajika damu ya watoto wengi mno, ili miongoni mwao wapatikane wachache ambao baadaye wataugua. Kati ya 1972 na 1974, yaani katikati ya utawala wa Idi Amin, Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Kansa, lenye makao yake Lyon, Ufaransa, lilikusanya damu ya watoto wapatao 42,000 wa West Nile, likaihifadhi, likangoja. Matokeo yalichapwa katika jarida la Nature mwaka 1978: watoto walioshikwa na kansa walikuwa, tangu kabla ya kuugua, na kingamwili za kirusi hicho nyingi kuliko wenzao.

Msomaji apige hesabu ya uaminifu uliotakiwa. Mgeni anakuja nyumbani, mwanao si mgonjwa, naye anataka kumchoma sindano, aandike jina lake na mahali alalapo, kisha aondoke bila ya kukupa dawa wala ahadi. Kwa nini wazazi wengi hivyo walikubali? Sidhani kwamba ni kwa amri peke yake, maana amri huwafanya watu watokomee vichakani. Naona sababu ni kuwa Kuluva ilikuwapo. Daktari Williams alikuwa ameweka kumbukumbu za wagonjwa wa jimbo hilo kwa zaidi ya miaka kumi. Wazazi walipajua mahali pa kumpata muulizaji baada ya swali. Mtafiti wa majuma mawili, anayelala hotelini na kuondoka kwa ndege, anatafuta uaminifu ule ule pasipo kuulipia.

Kisha ikaja misiba. Amin, ambaye nasaba ya baba yake ni ya Wakakwa wa Koboko, aliangushwa Aprili 1979, na jimbo zima likatozwa madeni ya mtu mmoja. Majeshi ya Serikali mpya yaliposhambulia tangu Oktoba 1980, watu kwa malaki walivuka mpaka kuingia Zaire na Sudan. Tarehe 24 Juni 1981 askari waliwaua makumi ya raia waliokimbilia misheni ya Ombaci, karibu na Arua. Sensa ya Januari 1980 ilifanywa katikati ya misukosuko hiyo, na sehemu kubwa ya kumbukumbu zake ikapotea. Hivyo anayeitafuta West Nile ya takwimu baina ya 1969 na 1991 huiona kama mtu aonaye ng'ambo ya mto wakati wa ukungu.

Hata ukimbizini watu wale waliulizwa. Barbara Harrell-Bond, wa Oxford, alifanya utafiti miongoni mwao kusini mwa Sudan, eneo la Yei, kuanzia 1982, na wakimbizi wenyewe walikuwa miongoni mwa wahojaji wake. Kitabu alichokitoa mwaka 1986 kilionyesha jinsi misaada ilivyopangwa na watu wa mbali pasipo kuwasikiliza waliopangiwa. Kwa hiyo jambo ambalo wataalamu wa leo hulitaja kana kwamba limezuliwa jana, yaani kumfanya mwenyeji awe muulizaji, West Nile imelijua kwa zaidi ya miaka arobaini. Chuo Kikuu cha Muni kilipofunguliwa Arua mwaka 2013, ilipungua sababu ya kuleta wahojaji kutoka Kampala.

Tuje sasa katika utalii wenyewe. Shida ya kwanza ni ya hesabu, na wala si ndogo. Koboko ilikuwa sehemu ya wilaya ya Arua hadi mwaka 2005. Madi-Okollo, pamoja na hifadhi ya Ajai, ilitengwa mwaka 2019. Terego, pamoja na mlima Wati, ilitengwa mwaka 2020, na Arua mjini ikapandishwa daraja kuwa jiji mwaka huo huo. Sensa ya 2014 iliikuta wilaya ya Arua na watu zaidi ya laki saba, na Koboko zaidi ya laki mbili. Lakini "Arua" hiyo si Arua ya 2002, wala si Arua ya sensa ya 2024. Atakayelinganisha idadi za miaka hiyo kwa kufuata jina atadhani watu wamehama, kumbe mipaka ndiyo iliyohama. Arua ya leo, ukiifuata katika ramani, haina tena kifaru, wala mlima, wala mto mkubwa. Ina soko.

Na soko hilo ndilo laleta shida ya pili: nani mtalii? Mwaka 2019 Uganda ilihesabu wageni zaidi ya milioni moja na nusu waliotoka nje, lakini picha iliyomo akilini mwa mpangaji ni ya Mzungu mwenye darubini. Kanuni za kimataifa haziangalii darubini. Zamtazama mtu aliyetoka katika mazingira yake ya kawaida, akalala angaa usiku mmoja, na hakuja kuajiriwa. Sasa mtazame mwanamke wa Kongo apitaye Vurra kuja kununua vitu Arua, akalala siku mbili. Au Mkakwa wa Yei avukaye Oraba kuhudhuria matanga Koboko. Akiwa safari hizo si mazoea yake ya kila juma, huyo ni mgeni mlalaji kamili; anakula, analipia malazi, anapanda bodaboda. Utafiti ufanywao uwanja wa ndege wa Entebbe hautamwona kamwe. Koboko iko kwenye pembe ya nchi tatu, na wageni wake wengi huja kwa miguu na kwa pikipiki. Kupanga utalii wa mji huo kwa takwimu za Entebbe ni kumkatia mtu kanzu kwa kumpima jirani yake.

Shida ya tatu ni yetu sisi, walimu wa Kiswahili. Hojaji nyingi huandikwa kwa Kiingereza, na mhojaji hufasiri papo hapo, mlangoni. Nimepata kuwapa wanafunzi wangu zoezi la kufasiri maswali ya namna hiyo, nao wakaandika: "Mwaka huu umepokea wageni wangapi?" Sentensi ni safi kabisa, lakini haifai. Mgeni, kwa Kiswahili, ni shemeji aliyekuja kuomba mbegu, ni mtalii, ni mkimbizi, ni mtu aliyehamia mwaka juzi. Tulijaribu tena: "Tangu mavuno yaliyopita, watu wangapi wasio wa nyumba hii wamelala hapa, na walitoka wapi?" Ni ndefu, lakini yajibika. Kaya nayo ina mtego. Mwenye wake wawili, kila mmoja na ghala lake, ana kaya moja au mbili? Wanafunzi walibishana kipindi kizima, mpaka mmoja akasema tuwahesabu walao chungu kimoja. Sijaona ufafanuzi ulio bora katika mwongozo wowote wa sensa.

Hapana budi pia kusema kwamba Kiswahili chenyewe hakifiki barazani kikiwa mikono mitupu. Amin alikitangaza kuwa lugha ya taifa mwaka 1973. Katiba iliporekebishwa mwaka 2005 kikawa lugha rasmi ya pili. Na Julai 2022 Baraza la Mawaziri liliazimu kifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na sekondari. Katika soko la Arua kinasikika kila siku pamoja na Kilugbara, Kilingala na Kinubi, na katika kambi ya Lobule, Koboko, wakimbizi wa Kongo wamekuja na Kiswahili chao. Lakini kwa mtu aliyekuwa na akili timamu mwaka 1981, Kiswahili ni pia lugha ya kizuizi cha barabarani. Neno "Keti!" kinywani mwa kijana asiyejulikana laweza kufunga mahojiano kabla hayajaanza. Mhojaji aanze kwa salamu za Kilugbara au Kikakwa, aulize kama mwenyeji apenda kusema Kiswahili, na akiambiwa hapana, awe na karatasi ya pili. Na Kiswahili cha karatasi ya kwanza kijaribiwe kwanza kwa wachuuzi kumi, si kwa wakaguzi wa elimu. Sanifu yetu, nasema kwa masikitiko kidogo, huwachosha watu huko.

Sasa ile milima. Swali lililozoeleka ni hili: "Kuna vivutio gani hapa?" Mzee wa Liru hawezi kuliita kaburi la babu yake kivutio, naye atajibu kwamba havipo. Mhojaji ataandika sufuri, na Koboko itatangazwa kuwa haina kitu. Au litatokea lililo baya zaidi: kijana wa mjini atajibu kwa niaba yake, mlima utiwe katika orodha, njia ichongwe, na tiketi zikatwe mahali ambapo mtu hupanda kwa idhini ya ukoo. Swali lenye adabu lina vipande vitatu: mgeni akija, mwampeleka wapi, wapi hamumpeleki, na ruhusa hutolewa na nani? Kipande cha pili ndicho chenye thamani kubwa kwa mpangaji, nacho ndicho ambacho hojaji nyingi hazikiulizi.

Habari za Amin wageni watazitaka, tutake tusitake. Mwaka 2019 Jumba la Makumbusho la Uganda, Kampala, lilionyesha picha za zama zake zilizotolewa katika hazina ya utangazaji wa taifa, na ni dhahiri kwamba siku moja msafara kama huo utaelekezwa Koboko. Wenyeji waulizwe kwa sampuli pana, wanawake na Waislamu na Wakristo, wazee na waliozaliwa baada ya 1986, maana hawatasema neno moja. Ama juu ya Ombaci, mimi singeliandika swali lolote katika hojaji. Kijana mwenye simu, aliyepewa dakika arobaini kwa kila kaya, asimwulize mjane kama angependa watalii waje kuliona kaburi la mumewe, kisha amtake achague jibu kutoka moja hadi tano. Wazee na misheni waendewe na mtu mzima, bila karatasi, na aende zaidi ya mara moja.